Grupu la watu wa kijiji si la vifo na michango tu

Asubuhi rezo ikirudi, simu ya mtu wa Kitshanga anayeishi leo Goma inalia mfululizo. Grupu la watu wa kwao lina meseji zaidi ya mia moja tangu jana jioni. Anazipitia kwa kidole. Kuna video ya watu wenye silaha ambayo hakuna anayejua ilipigwa wapi wala lini. Kuna foto ya marehemu yenye maua pembeni, na chini yake neno "pole" mara sitini. Kuna orodha ya michango, jina kwa jina, dola 5, dola 10, franka 5000. Kuna sauti ya mtu asiyejulikana anayesema kesho watu wasitoke nyumbani. Kuna sala ndefu iliyokuja kutoka grupu lingine. Meseji mia moja, na hakuna hata moja inayosema kwamba mtoto wa fulani ameanza kutembea.

Hivyo ndivyo yalivyo magrupu mengi ya WhatsApp ya wahami, yawe ya watu wa Masisi, wa Rutshuru, wa Nyiragongo ao wa Lubero. Watu walioachana njiani walipata namna ya kusalimiana kila siku, na wengi wanaitumia kwa kupeana hofu na hesabu. Habari ndogo, zile ambazo watu wengine wanaziita maneno ya bure, zimesukumwa pembeni: nani alizaa, nani alipata chumba cha kupanga, mahindi yaliota ao hapana, mtoto yuko darasa gani. Ni makosa. Grupu la watu wa kijiji liliundwa kwa ajili ya hizo habari ndogo, na likiziacha linabaki na jina tu.

Wazee wanakumbuka foni. Kabla ya simu za mkononi kuenea Kivu, kwenye misheni, kwenye ofisi ya shirika ao kwenye duka la mfanyabiashara mkubwa kulikuwa mashine ya redio yenye antena ya waya mrefu. Mtu alipanga mstari, alilipa, na zamu yake ikifika alisema haraka haraka kisha aliachia kitufe ili mwenzake ajibu kutoka Walikale ao Bukavu. Kila aliyekuwa kwenye mstari alisikia. Hakukuwa siri. Kwa hiyo watu walisema yale yanayoweza kusikiwa na wote: mama alijifungua, mtoto ni wa kiume, tumeni chumvi, baba anakohoa tena.

Mwaka wa 1994, familia nyingi zilipotawanyika katika eneo la Maziwa Makuu, BBC ilianzisha Gahuzamiryango kwa Kinyarwanda na Kirundi. Jina lenyewe maana yake ni kile kinachokutanisha familia. Watu walitafutana kwa redio, kwa jina la baba na jina la kilima. Na mpaka leo Msalaba Mwekundu unabeba ujumbe wa karatasi kati ya watu waliopoteana. Karatasi ile ina sheria moja ambayo magrupu yangepaswa kuiiga: inaandikwa habari za familia peke yake. Hakuna siasa, hakuna mambo ya askari. Inabebwa ikiwa wazi, na kila anayeipokea njiani anaweza kuona kwamba ndani yake hakuna kitu cha kumtia mtu hatarini. Kwa sababu hiyo inapita pale ambapo vitu vingine havipiti.

Simu ilikuja na haraka yake. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 Nyiragongo ilipolipuka usiku, na siku tano baadaye serikali ilipoamuru sehemu kubwa ya Goma ihame, WhatsApp ilifanya kazi nzuri sana. Watu walikuwa Sake, Minova, Rutshuru, Bukavu, wengine walivuka Rwanda. Meseji moja tu, "niko Sake na watoto wote", ilituliza familia nzima. Magrupu mengi yaliyo hai leo yalizaliwa siku zile. Kisha Bunagana ilianguka tarehe 13 mwezi wa sita 2022, watu wa Rutshuru wakajaa Kanyaruchinya, wale wa Masisi wakajaa Bulengo na Lushagala, na kila grupu likawa mahali pa kuuliza nani alifika na nani hajafika. Goma yenyewe ilipochukuliwa na M23 tarehe 27 mwezi wa kwanza 2025, maji, umeme na intaneti vilikatika, na rezo iliporudi kila mtu aliandika kitu kimoja: "Tuko wazima." Mwezi uliofuata kambi za kando ya mji zikavunjwa, watu wakatawanyika mara ya pili, wengine mara ya tano.

Katika siku kama zile, habari ya hofu ni habari ya lazima. Hakuna anayekataa. Lakini mazoea yalibaki hata pale ambapo mtu anaweza kukaa chini na kusema neno lingine. Watu wamezoea kuandika wakati wa hatari na wakati wa kifo tu. Siku isiyo na hatari wala kifo, hawaandiki kitu, ama wanatuma video ya watu wengine. WhatsApp yenyewe inaweka alama ya mishale miwili juu ya meseji iliyotumwa tena na tena, na tangu 2020 meseji ya namna hiyo haiwezi kutumwa kwa zaidi ya grupu moja kwa mara moja. Waliotengeneza programu waliona kwamba kitu kinachozunguka sana mara nyingi hakina mwenyewe. Mishale miwili inamwambia mama aliye Minova kwamba sauti ile ya "msitoke kesho" haikutoka kwa mtu anayemjua. Wachache wanaiangalia.

Lakini uvumi si sababu kubwa ya ukimya. Sababu kubwa ni haya.

Baba aliyekuwa na ng'ombe kumi na mbili kwenye vilima vya Masisi, leo anasukuma chukudu ya mtu mwingine. Mama aliyekuwa anauza fromaji mpaka Goma, leo anaosha nguo za watu. Wakiulizwa kwenye grupu "habari ya siku mingi?", wanajibu "tuko tu, Mungu ni mwema", kisha wanazima mega. Hawasemi uongo. Wanafunga mlango kwa upole. Binti aliyefika Kampala anaweka foto kwenye statu, amevaa vizuri, nyuma yake kuna magorofa. Nguo aliazima, na magorofa yale anayafagia. Wa nyumbani wanaona foto, wanaomba dola 20, hana, anatoka kwenye grupu bila kusema neno. Adimini anaonyeshwa kwamba "ametoka", na kwa watu wa kijiji inakuwa sawa vile amewakana.

Wale wa Marekani wana haya ya namna yao. Kwa miaka kadhaa Congo ilikuwa nchi ya kwanza kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa kule, na wengi walitoka kambi za Uganda, Burundi, Tanzania na Rwanda. Anayebaki kijijini anafikiri ndege ililipwa na serikali. Ililipwa kwa mkopo, na familia inatakiwa kuurudisha kidogo kidogo baada ya kufika, kila mtu na tiketi yake, watoto pia. Wengi wanafanya kazi kwenye viwanda vya nyama ao kwenye magodauni, zamu ya usiku, katika baridi. Goma ikiwa saa tatu ya usiku, Texas ni saa nane ya mchana, na mtu wa zamu ya usiku ndipo anaamka. Anafungua grupu akiwa na dakika ishirini. Anakuta orodha ya michango na jina lake limekwisha kuandikwa juu, na alama ya kuuliza pembeni. Hakuna aliyemuuliza kama mgongo bado unamuuma.

Tena kuna wale waliosimama katikati. Tarehe 27 mwezi wa kwanza 2025, siku ileile Goma iliyoanguka, ndiyo siku ambayo amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi Marekani ilianza kutumika. Kulikuwa familia za Wakongomani zilizokuwa zimekwisha kupimwa afya na kupewa tarehe ya safari, na vitu vyao walikuwa wameuza ao wamewagawia majirani. Kwenye magrupu watu walikuwa wamewaaga, wamewaombea, wamewatumia oda za simu na viatu. Mtu wa namna hiyo ataandika nini baada ya hapo? Wengine hawakuandika tena. Wako Nakivale palepale, kambi inayopokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950, na watu wa kijiji wanafikiri wako Amerika na wamekuwa na kiburi.

Hapa ndipo habari ndogo inasaidia kuliko pole kubwa. Mtu mwenye haya hawezi kujibu swali "maisha iko namna gani?" kwa sababu swali hilo linamdai hesabu ya maisha yote. Lakini anaweza kujibu kama yule mtoto mwenye kuogopa giza bado anaogopa. Anaweza kujibu kama kule Uganda wanapanda maharagwe mwezi wa tatu kama nyumbani. Anaweza kutuma sauti ya mtoto anayehesabu mpaka kumi kwa Kiingereza alichojifunza shuleni, na grupu zima likacheka. Baada ya vicheko viwili vitatu vya namna hiyo, mtu anaweza kusema yale mengine. Hakuna anayeanza na yale mengine.

Si kila swali dogo ni jema, lazima isemwe. "Leo mumepika nini?" ni swali tamu kati ya watu waliopika. Likiulizwa kwa mama aliyehamia Musenyi, Burundi, baada ya kulala wiki nyingi kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, linaweza kuwa kama kofi. Posho ya wakimbizi ilipunguzwa mwaka wa 2025 katika nchi zaidi ya moja, na kuna nyumba ambazo moto unawashwa mara moja kwa siku. Watu wa Kivu wana desturi nzuri juu ya jambo hili: anayetaka kujua hali ya mwenzake anaanza kwa kusema ya kwake. "Huku kwetu leo ni sombe bila mafuta, tunacheka tu." Sentensi hiyo inampa mwenzake nafasi ya kusema kwamba huku hata sombe hakuna, bila kujiona ameomba. Anayeanza kwa kuuliza huku amenyamaza juu ya nyumba yake anafanana na mtu wa mashirika mwenye fishi mkononi.

Kuna jambo lingine zito zaidi, ambalo watu wanalizungumza kwa sauti ya chini. Vijiji vingi vya Rutshuru na Masisi vilikuwa vya watu waliochanganyika. Wahunde, Wahutu, Watutsi, Wanande, kila mmoja na kanisa lake na kilima chake, lakini kisima kimoja na soko moja. Magrupu ya kijiji yalikuwa vilevile mwanzoni. Kila mara video ya vita inapoingia, mtu mmoja anaandika neno la hasira, mwingine anajibu, na kesho yake watu kumi na tano wametoka na wameunda grupu lao la lugha moja. Magrupu mengi yamegawanyika hivyo. Yale ambayo bado yana watu wa pande zote ni yale ambayo adimini wake ni mkali: habari za vita zisiingie hapa, nendeni kwenye redio. Katika magrupu hayo mtu wa upande mmoja bado anamuuliza wa upande mwingine kama mti wa avoka nyuma ya nyumba yake ulikatwa. Na yule aliyebaki kijijini anakwenda kuangalia, anarudi na foto: mti uko, nyumba haina mabati. Hii ni habari mbaya, lakini imeletwa na jirani, na jirani alitembea kwenda kuiangalia kwa miguu yake.

Siku watu wakirudi, na wengine wamekwisha kurudi kwa kupenda ao kwa kulazimishwa, watakutana kwenye shamba lilelile na mpaka uleule. Wale waliokuwa wanaulizana habari za avoka watakuwa na pa kuanzia. Wale ambao miaka mitatu walitumiana video tu watakuwa na nini?

Watoto nao wanapaswa kufikiriwa. Mtoto aliyezaliwa Kanyaruchinya mwaka wa 2022 leo anajua kusema, na kijiji cha baba yake hajakiona. Shangazi yake ni sauti ndani ya simu. Kama shangazi anapiga wakati wa kilio tu, mtoto atajifunza kwamba simu ya shangazi ikilia watu wazima wanaanza kulia. Kuna familia ambazo zimeliona hilo na zikaweka jioni moja ya juma, Jumapili mara nyingi, ambapo watoto ndio wanatuma sauti. Mmoja anaimba, mmoja anasema aya aliyoshika, mmoja anamtaja rafiki aliyempiga shuleni. Binamu walioko Beni wanajibu. Hakuna anayekufa katika sauti hizo. Mtoto anajua kwamba ana mjomba Butembo mwenye mbuzi mweupe, na kwamba mbuzi huyo anakula nguo.

Watu wenye busara wanajibu kwamba mega ni ghali. Ni kweli, hasa kwa mtu anayechagua kati ya forfe na makala ya kupikia. Lakini waangalie ni kitu gani kinakula hizo mega. Sauti ya dakika moja inakula kidogo sana ukilinganisha na video ya nusu dakika. Simu nyingi zinapakua zenyewe foto zinazoingia, na nyingine zimewekwa zipakue hata video, hata zile mwenye simu hatazifungua. Ukiingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, unaweza kuzima upakuaji huo, na mega zinakaa zaidi. Kijana yeyote wa kabini atamsaidia mama mzee kuifanya kwa dakika moja. Kisha mama mzee anabaki na sauti za watu wake, na video za watu asiowajua zinabaki nje ya mlango.

Wengine wanasema ni hatari, na hao wana haki kuliko wale wa mega. Watu wanaopita kwenye bariere wanajua kwamba simu inaweza kuombwa, kufunguliwa na kusomwa. Kuna wanaofuta grupu zima kabla ya kupanda moto, wakifika wanaomba waingizwe tena. Lakini hapa pia wafikiri vizuri. Kinachomweka mtu hatarini kwenye bariere ni ile video ya askari aliyotumiwa na mtu asiyemjua, ni ile sauti inayotaja watu wenye silaha wako wapi. Jino la kwanza la mtoto halijamfungisha mtu. Tena WhatsApp ina namna ya kufanya meseji zijifute zenyewe baada ya siku moja ao siku saba, na adimini anaweza kuiweka kwa grupu zima. Ile sheria ya karatasi ya Msalaba Mwekundu inarudi: habari za familia peke yake, na mtu yeyote akizisoma hataona kitu.

Sauti ina faida nyingine ambayo maandishi hayana. Mzee asiyejua kusoma anaweza kusema kwa Kihunde chake, kwa Kinande chake, kwa Kinyarwanda chake, na mtu wa kwao akiwa Nairobi akasikia hata kikohozi. Mama mmoja aliyepokelewa na familia ya watu Goma alisema kwamba mwanawe aliye mbali anajua afya yake kwa namna anavyovuta pumzi kabla ya kusema. Maandishi "niko muzuri mwanangu" hayawezi kubeba hilo. Kwa sababu hiyo, yule anayeandika "odio hapana, andikeni" kwenye grupu la watu wa kijiji anawafukuza wazee bila kujua.

Na wazee ndio wanaosahauliwa zaidi, kwa sababu wengi wana simu ya tochi tu, ao hawana kabisa. Katika kambi, simu moja kubwa ilikuwa inahudumia mabashi matano sita. Kulikuwa kila mara msichana ao kijana mmoja aliyekuwa anapita jioni kusomea watu meseji na kuwachezesha sauti. Hakuwa amechaguliwa na mtu, lakini kila mtu alimngoja. Kazi hiyo ilivunjika pamoja na kambi. Magrupu yangeweza kuirudisha kwa njia rahisi: kila mahali walipo watu wa kijiji, Minova, Kiwanja, Nakivale, Musenyi, mtu mmoja ajulikane kwamba yeye ndiye anabeba habari kwa wasio na simu, na wengine wamtumie mega kidogo kwa zamu. Watu wanachanga dola mia kwa sanduku la marehemu ambaye miezi sita hakuna aliyemsalimia. Dola mbili za mega zingemfikia akiwa mzima.

Juu ya michango yenyewe, haifai kuidharau. Tangu benki zilipofungwa Goma mwanzoni mwa 2025, pesa ya simu ndiyo ilibeba familia, hata kama kuitoa kulikuwa na shida na makato, na michango ya magrupu imezika watu kwa heshima na imetoa mama kwenye hospitali. Shida ni kuiweka pamoja na salamu. Mtu mwenye deni la dola tano haandiki "habari ya asubuhi", kwa sababu anajua jibu litakuwa "na ule mchango?" Anasoma kimya kimya, na ukimya wake unahesabiwa kuwa dharau. Likilimba ina daftari lake na mkutano wake, na hakuna anayeileta mezani watu wakiwa wanakula. Michango iwe na grupu lake na mweka hazina wake. Lile la kijiji libaki mahali ambapo mtu asiye na franka anaweza kuingia na kusema mvua imenyesha.

Halafu kuna shida ya namba. Mtu akikimbia, simu ndiyo kitu cha kwanza kinachouzwa ao kinachonyang'anywa. Namba ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni inaiuza upya kwa mtu mwingine. Mama anatuma sauti ya dakika tatu, anasimulia kuzaliwa kwa mapacha, majina waliyopewa, nani alikuja kusaidia, maziwa yametoka vizuri. Anayeipokea ni kijana wa Kisangani ambaye hajui Kitshanga iko upande gani, na akiwa na moyo mzuri anajibu: "Aksanti mama, lakini hii namba sasa ni yangu." Wengi hawajibu, na mama anabaki kufikiri kwamba dada yake amenuna. Anayebadilisha namba aitangaze kwenye grupu siku ileile, kwa sauti yake, ili watu wajue si tapeli. Na maadimini wawe na daftari la karatasi: jina la kila mtu, namba, mahali aliko, na jina la jirani mwenye simu anayeweza kwenda kumuita.